Jina la Mume wa Kwanza

Kitovu cha mtoto kilidondoka wakati Milembe anambadilisha nepi, na kitu cha kwanza alichofanya ni kucheka peke yake chumbani kama mwendawazimu.

Alikuwa anakisubiri. Kwa kina Joakim, mumewe, mtoto hapewi jina akiwa bado na kitovu. Anakaa ndani na mama yake, watu wanamwita mgeni, na kitovu kikianguka ndipo shangazi anambeba, anasimama naye kizingitini, baba anataja jina, shangazi analitangaza mbele ya jua. Basi. Jina lililosikiwa na jua halirudishwi ndani. Kuna watu Bariadi wanaitwa majina ya aibu mpaka wanazeeka, majina yaliyotolewa na baba mlevi au baba mwenye hasira siku hiyo moja, na hakuna aliyethubutu kuyabadilisha.

"Mgeni," Milembe alimwambia mtoto, "leo unaacha ugeni."

Jina alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu tumbo lilipoanza kusukuma gauni. Hakumwambia mtu, hata Joakim mwenyewe.

Wifi yake Anna aliingia na bakuli la uji wa ulezi, akalitua mezani kwa kishindo. Anna hakujua kuweka kitu polepole.

"Kunywa ungali wa moto."

"Wifi, kitovu kimeanguka."

"We! Lete nione." Akakipokea kwenye kitambaa, akakitazama kama mtu anayekagua mbegu. "Kimekauka vizuri. Sasa baba yake yuko wapi? Siku kama hii mwanaume yuko safari?"

"Alisema kuna mageti ya kupima na kuchomelea kule Sola. Atarudi leo."

"Mageti." Anna alibetua mdomo. "Haya. Na jina? Joakim amekwambia?"

"Hajasema kitu. Mimi ninalo."

"Wewe? Tangu lini kwetu mwanamke anatoa jina?"

"Simtolei. Namnong'oneza mume wangu, yeye anatoa. Tangu lini wanaume wanafanya kitu bila kunong'onezwa?"

Anna alicheka mpaka mtoto akashtuka. Milembe akangoja amalize, kisha akasema, "Jilala."

Kicheko kilikatika. Jilala lilikuwa jina la baba yao, mzee aliyewalea Anna na Joakim peke yake baada ya mama yao kufariki, akawapikia, hata akamsuka Anna nywele, vibaya, mpaka walipopata akili. Alikufa kabla Milembe hajaingia kwenye familia ile.

"Hukumwona," Anna alisema.

"Namwona kila siku. Si alimzaa mtu anayeosha vyombo bila kuambiwa?"

Anna alivuta pembe ya khanga akajifuta macho. "Moshi wa jikoni kwako huu."

"Napikia gesi, wifi."

"Basi gesi yako ina moshi." Akakaa kitandani, kitanda cha chuma ambacho Joakim alikichomelea mwenyewe, akamshika Milembe mkono. "Nikwambie ukweli? Ulipoolewa nilisema mdogo wangu kaoa msiba. Ulikuwa unapika kama mtu anayepikia matanga. Nikasema huyu mwanamke mwili uko hapa, roho iko Sola kaburini."

"Najua. Ulisema kwa sauti."

"Nina sauti, nifanyeje? Leo naimeza. Umesikia? Naimeza."

Na kweli alikuwa amesema haki. Milembe aliolewa kwanza Sola na kijana aliyeitwa Masunga, rafiki wa Joakim tangu wanachunga pamoja. Radi ilimpiga Masunga akirudisha ng'ombe, kabla ndoa yao haijapata hata mimba. Wakubwa wa ukoo wakataka Milembe arithiwe na shemeji, mwanaume mwenye wake wengine tayari na mdomo mchafu. Aliyesimama katikati ni mama wa marehemu, Monika. Alisimama mlangoni akasema mbele ya wazee wote: huyu si jembe, harithiwi, aende akatafute maisha. Milembe akaondoka Sola na begi moja, akapata kazi ya kuuza mbegu na dawa za pamba katika duka la pembejeo mjini Bariadi. Huko ndiko Joakim alikomkuta, akaanza kupita dukani kununua dawa ya pamba wakati hana shamba.

Alimkubali kwa sababu alikuwa mwema. Si kwa zaidi. Mwaka wa kwanza alikuwa akiamka usiku shavu limelowa, na Joakim amelala amegeukia ukuta, kimya mno kwa mtu aliyelala.

Mapenzi yalikuja baadaye, na yalikuja kwa mlango wa ajabu. Siku moja mwanga wa kuchomelea ulimuunguza Joakim macho, yakavimba, akafungwa kitambaa asione chochote. Milembe akawa anamwekea vipande vya kiazi baridi kwenye kope. Jioni ya pili Joakim, kipofu wa muda, akauliza, "Umevaa nini leo?"

"Gauni."

"Lipi?"

"Lile la njano."

"Lenye kifungo kilichokatika begani?"

Milembe alijitazama bega. Kifungo kilikuwa kimekatika, na yeye mwenyewe hakuwa amekiona. Alikaa pale na kipande cha kiazi mkononi akimtazama mwanaume aliyefungwa macho, na kitu kifuani kikamgeuka kama mtoto anavyojigeuza tumboni. Tangu siku hiyo alimpenda. Alimpenda vibaya. Lakini hakumwambia. Kwao neno "nakupenda" lilikuwa la redioni. Mke anasema kwa maji ya moto, kwa kisosi cha mlenda kilichofunikwa, kwa shati lililopigwa pasi. Milembe alifikiri anaeleweka.

Jina la Jilala lingekuwa kusema kwa mdomo. Mara moja, na kwa maisha yote.

* * *

Jua lilikuwa limeanza kuinama pikipiki iliposimama getini. Milembe alijifunga khanga vizuri, akatoka na mtoto mpaka sebuleni. Alisikia sauti ya Joakim, halafu sauti nyingine, ya mwanamke mzee, ikikataa kushikwa mkono.

"Niache nishuke mwenyewe. Mimi si gunia."

Sauti ile aliijua.

Mama Monika aliingia ameinama kidogo, kibuyu cha maziwa kwapani, mkononi fimbo ya kuchungia iliyong'aa kwa kushikwa. Joakim alikuwa nyuma yake, vumbi mpaka kwenye kope, na hakumtazama mkewe.

"Mwadila, mayu," Milembe alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma, akaanza kupiga magoti.

"Mwadila, ng'wanone. Simama, mwanangu, simama, una mshono wewe. Mhola?"

"Mhola duhu, mayu. Salama tu."

"Mlete."

Milembe akampa. Ungefanyaje? Yule mama alikaa kwenye mkeka, akamlaza mtoto mapajani, akamfunua uso. Machozi yalimtoka bila sauti wala uso kukunjamana, kama maji yanayovuja kwenye mtungi.

"Masunga," alisema.

Milembe alidhani mzee anamkumbuka mwanaye. Halafu akaona jinsi anavyomtazama mtoto.

"Mayu, umesemaje?"

Mama Monika aliinua kichwa, akamtazama yeye, kisha Joakim. "Hukumwambia?"

Joakim alikuwa anatazama sakafu ya saruji. "Nilitaka akuone kwanza, mama," alisema.

"Joakim," Milembe alisema. "Njoo ndani."

* * *

Alifunga mlango wa chumbani akauegemea. Harufu ya chuma kilichoungua ilikuwa kwenye nguo za mumewe kama kila siku, harufu ambayo sasa ilikuwa harufu ya nyumbani, na kwa sababu hiyo alizidi kukasirika.

"Nieleze."

"Hakukuwa na mageti."

"Hilo nimeshaliona. Amekuja na kibuyu. Nieleze mengine."

"Nilikwenda kumpa yule mama jina la mtoto." Joakim aliongea polepole, kama mtu aliyerudia maneno njia nzima. "Masunga hakuacha mtu. Jina lake limelala. Mama yake akifa, hakuna atakayelitaja tena duniani. Nikamwambia mtoto akitoka nje ataitwa Masunga."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Nani alikutuma, Joakim?"

"Wewe."

"Mimi? Kwa mdomo gani?"

"Kwa huo huo." Sasa alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na safari hii haukuwa mwanga wa kuchomelea. "Siku ya kujifungua nilikuwa nje ya mlango. Uliita jina. Uliita mara nyingi. Nesi akatoka akaniuliza, wewe ndiye Masunga? Anakuita. Nikasema ndiyo."

Milembe alijaribu kukumbuka siku ile.

Hakukumbuka. Alikumbuka taa, alikumbuka kona ya godoro la plastiki aliyokuwa anaing'ata. Lakini alipotafuta ndani yake mahali pa kusema "hapana, si kweli," hakupapata. Uchungu ulikuwa umempeleka mahali ambapo mtu hachagui maneno.

"Sikujua," alisema.

"Najua hukujua. Ndiyo maana nimeamini."

"Mtu anayezama anashika chochote, Joakim! Hata jani!"

"Mimi nilikuwa hapo mlangoni. Mimi ni mti mzima. Ukashika jani."

Nje Anna alikuwa anamwuliza mzee kama anakunywa chai ya maziwa au ya rangi, kwa sauti ya mtu anayejaribu kutosikia ya chumbani.

"Nisikilize," Milembe alisema. Alisogea akamshika mkono, mkono wenye makovu madogo meupe ya cheche. "Mimi nilikuwa na jina. Nililiweka tangu mimba. Muulize Anna, nimemwambia asubuhi. Jilala. Nilitaka umwite baba yako kila siku kwenye nyumba hii. Nilitaka nikupe mimi."

Akaona uso wake ukifunguka. Kwa kufumba na kufumbua tu aliona kijana aliyekuwa ananunua dawa ya pamba bila shamba. Halafu ukafunga.

"Unanipa pole," Joakim alisema.

"Pole ya nini?"

"Ya miaka yote. Wewe ni mwanamke wa haki, Milembe, hudhulumu mtu. Umeona nimekulisha, nimekuvumilia, ukasema ngoja nimlipe. Usinipe jina la baba yangu kama pole ya msiba."

"Nakupenda!"

Lilitoka kali, kama tusi. Hakuwa amewahi kulisema, hakujua linasemwa kwa sauti gani, na kwa hasira aliyokuwa nayo lilitoka kama anamfokea mteja dukani. Joakim alitabasamu kwa huzuni, akautoa mkono wake taratibu.

"Unaona," alisema. "Hata kulisema linakuuma."

"Mungu wangu! Wewe ni kiziwi au mpumbavu? Nikulilie? Nikuangukie miguuni? Nenda kamwambie yule mama jina si hilo."

"Nimetoa neno langu. Nenda ukamwambie wewe, kama unaweza."

"Naweza."

"Nenda basi."

* * *

Aliweza. Milembe hakuwa mtu wa kuzunguka. Dukani aliwaambia wakulima waziwazi kwamba dawa waliyonunua kwa jirani ni maji. Lakini alipofika kwenye mkeka alimkuta Mama Monika amemweka mtoto kifuani, akimwambia kwa Kisukuma cha chini habari za ng'ombe, nani amezaa, nani amekufa, kama mtu anayemsimulia aliyerudi kutoka safari ndefu.

Milembe alikaa chini, mshono ukimchoma.

"Mayu, nina neno baya."

"Sema. Nimezoea mabaya."

"Mtoto si Masunga. Joakim aliahidi bila kuniuliza. Mtoto ana babu yake, Jilala. Wewe ulinitoa mimi kwenye shimo, mayu, sijasahau hata siku moja. Lakini mimi nimeolewa. Nina mume. Siwezi kumwita mwanangu jina la mume mwingine mbele ya mume wangu, asubuhi na jioni, mpaka nife. Siwezi."

Alitaka kusema kwa macho makavu. Hakufaulu. Kwa sababu mama yule hakubisha. Mikono yake ilianza kumfunika mtoto upya, kona kwa kona, vizuri, kama mtu anayefunga mzigo wa kurudisha kwa mwenyewe. Milembe aliangua kilio. Alilia kwa kwikwi, ameinama, kipaji cha uso kwenye goti la mzee, kama alivyolia siku ya mazishi kwenye goti lilelile.

"Nyamaza," Mama Monika alisema. "Nyamaza, maziwa yatakauka. Umesema kweli. Mimi ni mzee, nilifurahi nikasahau kufikiri. Mwanamke akiolewa, ameolewa. Tena mimi ndiye niliyekwambia uende." Akamrudishia mtoto. "Jilala ni jina zuri. Nilimfahamu yule mzee. Alikuwa anasuka watoto wake nywele, sisi tunamcheka. Maziwa haya ni ya Jilala basi."

Milembe aliinua uso uliolowa. Joakim alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba. Amesimama hapo tangu lini, hakujua. Alikuwa anamtazama anavyolia, naye Milembe alijaribu kumpa jibu kwa macho: umeona? Nimefanya. Nimekuchagua wewe.

Joakim aliteremsha macho.

* * *

"Jua linakwenda, watu wangu," Anna alisema akipiga makofi. Alikuwa amesikia yote, na uso wake uling'aa. "Mtoto atoke kabla halijaingia nyuma ya paa la jirani. Mama Goodness! Mama Goodness, njoo uwe shahidi, acha hizo nguo!"

Jirani yao Mama Goodness alikuja na mikono yenye povu, akajifuta kwenye sketi. Mama Monika alisogea pembeni ya ua, akaegemea fimbo yake. Milembe alimfunga mtoto shuka safi, akamkabidhi Anna kizingitini, akarudi nyuma hatua moja kama desturi inavyotaka. Mama haongei hapo. Mama ameshaongea kwa kuzaa.

Joakim alisimama uani mbele ya dada yake, mgongo kwa jua. Milembe hakuweza kuuona uso wake, aliona umbo tu, lakini moyo ulimpiga kwa raha. Kila kitu kilikuwa kimekwisha. Usiku ataeleza polepole, neno kwa neno, kwa sauti inayofaa. Atamwambia habari ya kifungo cha begani.

"Baba wa mtoto," Anna aliuliza kwa sauti ya sherehe, tabasamu limefika masikioni, "tumwiteje mgeni wetu?"

"Masunga."

Anna alimkazia macho mdogo wake.

"Rudia," Anna alisema.

"Masunga."

"Joakim!" Alikuwa ni Mama Monika, fimbo imeinuka. "Baba, nimeshaachia! Nimeachia mimi mwenyewe!"

"Anna," Joakim alisema, "mimi ndiye baba. Tangaza."

Anna aligeuza shingo akamtazama Milembe. Milembe alikuwa ameshika fremu ya mlango, fremu ya chuma, na alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana. Lakini hapo kizingitini shangazi hana la kuamua. Anatangaza alichopewa. Anna alimwinua mtoto kwenye mwanga wa jioni, na sauti yake, ile sauti aliyosema hawezi kuipunguza, ilitoka nyembamba kama uzi.

"Masunga. Jua, huyu ni Masunga, mwana wa Joakim."

Mama Goodness, ambaye hakujua lolote la ugomvi ule, alipiga vigelegele mpaka vikamwishia. Halafu akakumbuka jina lile ni la nani, akacheka kwa wema kabisa, kama watu wanavyotaniana.

"Milembe! Heee! Umemzaa mume wako!"

Hakuna aliyecheka naye. Akatazama nyuso zilizokuwa uani, akaziba mdomo kwa mkono wenye povu, akasema ana nguo kwenye maji.

* * *

Joakim alikuwa anakunja blanketi la zamani alilokuwa akitandika gereji, anakochomelea, wakati wa kazi nyingi. Milembe alimkuta stoo.

"Kwa nini?"

"Kuna geti la kumalizia. Nitalala huko."

"Nimekuuliza kwa nini."

Joakim aliweka blanketi kwapani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwogopesha Milembe. Mwanaume mwenye hasira anarudi.

"Ulilia," alisema.

"Nililia kwa sababu nilikuwa namvunja moyo mama wa watu! Yule ni mama yangu!"

"Sikatai. Ila nilikuwa nimesimama pale, Milembe. Nimekaa na wewe miaka, nimeungua macho, nimeanguka na ngazi, nimeugua. Sijawahi kuliliwa vile. Nikasema, mimi nani niliweke jina la baba yangu juu ya kilio kama kile? Mtoto akue kila mtu anajua jina lake la kweli lilizuiwa kwa ajili yangu?"

"Lilikuwa hapa." Milembe alijipiga kifua. "Jina lake la kweli lilikuwa hapa, nimelificha miezi yote nikupe kama zawadi. Umelitupa. Umelitupa mbele ya jua, na huwezi kuliokota wala mimi siwezi."

"Nilidhani ninakupa wewe."

"Basi umenipa. Unakwenda wapi sasa?"

"Sitakuacha. Nitaleta chakula, nitalipa kila kitu. Akibatizwa tutampa jina la kanisani, Method au lolote unalotaka."

"Na wewe utamwita Method?"

Joakim alisogea mlangoni.

"Niambie. Utalala lini nyumbani kwako?"

"Nitakapozoea kulisikia," alisema, akapita.

Milembe alibaki katikati ya vipande vya bomba na makopo ya rangi. Alijaribu kufikiri kama anavyofikiri dukani: tatizo ni nini, dawa ni nini. Hakuona dawa. Akimwita mtoto jina lile, Joakim atasikia mapenzi ya zamani. Asipomwita, atasikia kwamba anajizuia, na mtu hujizuia kwa kinachomuuma. Akilia, ni kwa ajili ya Masunga. Akicheka, ni huruma. Hakuna sauti iliyobaki ambayo mumewe angeiamini.

Sebuleni mtoto alianza kulia. Mama Monika alikuwa anamtikisa, amejikunyata kwenye mkeka kama mwizi aliyekamatwa. "Nisamehe, ng'wanone," alisema mara tu Milembe alipoingia. "Nisingekuja. Kesho asubuhi naondoka."

"Si kosa lako, mayu. Mlete, ana njaa."

Alikaa, akafungua nguo. Anna, aliyekuwa amesimama dirishani akimtazama mdogo wake akivuka ua, aligeuka haraka.

"Ngoja. Usimpe bado."

"Kwa nini?"

"Kwetu mtoto akishatoka nje, mama ndiye anamwita wa kwanza. Kabla ya titi. Asipoitwa na mama yake anabaki nje, hakui." Anna alisema haya bila kumtazama usoni. "Mwite tu wifi yangu. Mara moja. Ananyonya, yamekwisha."

Mtoto alikuwa anatafuta titi kwa mdomo wazi, uso mwekundu, anatetemeka kwa hasira ya njaa. Milembe alimtazama. Aliamua kulitaja kama neno lisilo na mtu, kama mtu anayesoma jina kwenye foleni. Kavu. Haraka. Dirisha lilikuwa wazi, na pale getini Joakim alikuwa amesimama na blanketi lake, mkono kwenye komeo.

Lakini maziwa yalikuwa yameshaanza kumtoka, yanalowesha khanga, na mwanaye alikuwa amekifunga kidole chake kimoja ndani ya ngumi. Jina likamtoka jinsi majina ya watoto wachanga yanavyotoka kwa mama zao wote.

"Masunga," aliita, laini.

Kule getini mgongo wa Joakim ulikakamaa. Hakugeuka. Alisimama kidogo, kama mtu anayesubiri kuona kama ataitwa na yeye, na Milembe alivuta pumzi amwite, lakini mtoto alikuwa ameshashika titi na maumivu ya mvuto wa kwanza yakamkata sauti. Ilipomrudia, komeo lilikuwa limeshalia.